Bolti Iliyokatikia Ndani

Kautokeino, 3 Machi 1988

Mdogo wangu Issát,

Salamu nyingi. U mzima huko Oslo? Sisi hatujambo, ila Baba kifua kinambana na kichwa kinamgonga kila arudipo malishoni. Ni moshi. Bomba la moshi la pikipiki yake ya theluji limepasuka karibu na injini, naye anauvuta kutwa akiwachunga kulungu wetu wa theluji. Bomba jipya lipo. Tatizo ni bolti: zimeliwa na kutu hata spana inateleza. Wewe ndiye fundi wetu. Njoo, au nieleze. Baba hajui kama nimekuandikia.

Dada yako,
Gáddjá

Oslo, 12 Machi

Dada,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mimi mzima, baridi ya huku ni mzaha tu. Kuja, siji. Baba aliniambia mbele za watu kwamba aliyekimbilia mjini hana kulungu wala kitanda kwake.

Sasa sikiliza. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu, uziache zilale nayo. Asubuhi washa injini ipate moto, izime, uzigonge vichwani kwa nyundo, taratibu, kama unabisha hodi kwa mkweo. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikigoma, rudi nyuma, mimina tena. Usitumie nguvu, dada. Ikikatikia ndani ya silinda, mmekwisha.

Mdogo wako,
Issát

Kautokeino, 24 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku uzima upo, furaha hakuna.

Mbili zilitoka! Ya tatu ilikuwa imeanza kulegea, Baba akaingia.

"Nani kakufundisha kubembeleza chuma?"

"Issát."

Akaninyang'anya spana, akachomeka bomba refu kwenye mpini, akaning'inia nalo. Tak! Imekatikia ndani. Akaenda kunywa kahawa yake.

Bomba jipya amelifunga kwa bolti mbili na waya. Katikati ya Aprili tunahamisha kundi kwenda pwani. Njoo uitoboe hiyo iliyobakia ndani, nakuomba. Siku moja tu.

Dada yako,
Gáddjá

Oslo, 2 Aprili

Dada,

Natumai hamjambo. Keekee ya kutobolea chuma ninayo, na likizo nimepewa. Lakini aseme yeye. Aniandikie neno moja, "Njoo," nitapanda basi siku hiyohiyo. Waya hautashika. Mwambie asisafiri.

Mdogo wako,
Issát

Kautokeino, 19 Mei

Issát,

Uzima upo. Baba naye anapumua.

Nilimsomea barua yako. Akacheka: "Nimwombe mtoto niliyemfunga viatu? Anajua nilipo." Tukahama.

Waya ulikatika tukiwa mteremkoni juu ya mto. Bomba likachomoka, moto ukatoka wazi, pikipiki ikateketea tukiitazama. Kulungu wakashtuka, wakateremka, nasi hatukuwa na cha kuwawahi. Niliteleza thelujini kwa skii zangu, wapi! Majike wenye mimba ndio waliotangulia. Barafu ya mto, iliyolainika kwa masika, ikawafungukia, wakazama. Baba alilala kifudifudi ukingoni, kashika pembe za mmoja mpaka mikono ikafa ganzi. Akamwachia.

Waliobaki wanachungwa na binamu zetu. Mimi Jumatatu naanza kazi kwenye kiwanda cha samaki.

Jana Baba aliniuliza, "Issát kaandika?" Nikamwambia, "Anangoja uandike wewe." Akageuzia uso ukutani.

Nimekuwa ulimi wenu ninyi wawili, nimechoka. Barua yako ikija kwa jina langu, sitaifungua. Ikija kwa jina lake, nitamwekea mapajani, niondoke.

Dada yako,
Gáddjá