Kidude cha Kubana Kidole

Ndugu yangu, nimetoka kupima presha sasa hivi.

Nesi kanibana kidole na kile kidude, kikasoma 97. Kumbe kinapima hewa inayobebwa na damu! Nesi akaniambia, "Ikishuka chini ya tisini, baba, moyo na ubongo vinakosa hewa."

Marehemu mke wangu, siku ile nilipomleta hospitalini, kilimsomea 71. SABINI NA MOJA!

Nilipouliza, daktari mkuu mwenye tai yake akanijibu, "Mzee, rangi ya kucha za mkeo inadanganya mashine. Katafute dawa ya kuifuta." Nikakimbia madukani kama mwendawazimu. Narudi, wameshamfunika shuka.

Leo nikamuuliza nesi, mtu akiwa na rangi ya kucha mnafanyaje? Akacheka.

"Tunabana sikio tu, baba."

Sikio! Mke wangu alikuwa nayo mawili.