Tulivyomgeuzia Baba Nyumba

Kambini, ng'ambo ya mto kutoka New Orleans,
Louisiana.
9 Novemba 2022.

Mpendwa mdogo wangu Norris,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini huko Alaska hamjambo wewe na Tammy, na kwamba kile kifua chako kimetulia. Usiache kuvaa fulana ya sufu hata kama wenzako kazini wanakucheka. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua na usingizi umenihama.

Baba yu hai. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua hii ukiwa roho juu. Lakini nimefanya jambo juu yake bila kukushirikisha, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa shangazi Verna, maana unajua anavyotia chumvi.

Nyumba yetu bado haina paa tangu kimbunga. Mafundi ni walewale wa kesho na keshokutwa. Kwa hiyo mimi na Baba tumeendelea na maisha ya trela, nyumba ya magurudumu. Kwenye kambi hizi hukai zaidi ya siku kumi na nne. Zikitimia unafunga virago, unahamia kambi nyingine, halafu unarudi kana kwamba wewe ni mgeni mpya. Watu wa mjini huja Ijumaa na majiko yao, bia zao na muziki wao, wanalala siku mbili, wanasema maisha haya ni raha tupu. Mama mmoja aliniuliza likizo yetu ni ya muda gani. Nikamwambia mwaka mmoja na miezi miwili. Akacheka, akadhani namtania.

Kila tulipohama, Baba alipungua kidogo. Alianza kuniita kwa jina la Mama, mara akameza dawa za asubuhi mara mbili. Mikono tu ndiyo haikusahau kitu. Ukimpa kamba anakufungia fundo lolote unalotaka.

Sasa nisikilize. Tarehe 31 Oktoba siku zetu ziliisha. Asubuhi ile nilimkuta Baba ameshavaa kofia, ana kopo la chokaa na brashi mkononi, tayari kwenda kupaka kaburi la Mama kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Nilikuwa nimemwahidi, kweli. Nikamwambia, "Baba, leo tunahama. Tutakwenda kesho."

"Kesho watu wote watakuwa wameshafika na maua yao, na mama yenu amelala pachafu. Siku hizi tumekuwa watu wa namna hiyo, Eula?"

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia anyamaze apande gari. Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Kambi mpya walitupa nafasi nzuri kabisa, mlango unatazama bayu, mto ule ule mdogo upitao mbele ya nyumba yetu. Nilifurahi, nikasema angalau mzee atakaa aone maji. Nikamwacha ameketi, nikaenda ofisini kwao kuandikisha majina yetu. Niliporudi nilikuta kiti kitupu, na kopo la chokaa halipo.

Jirani yetu, bibi mmoja anaitwa Earline, ana kambwa kadogo anakavalisha sweta, alichungulia dirishani kwake. "Unamtafuta yule mzee? Kanipungia mkono hapa, kasema anashuka nyumbani kupaka chokaa. Nilikuwa na vyombo mkononi, sikuangalia kaelekea wapi. Mimi nikajua mmekubaliana!"

Wewe unajua, kwetu hakuna kaskazini wala kusini. Kuna kupanda bayu na kushuka bayu, basi, na nyumbani ni kushuka. Kwa hiyo nilikimbia kushuka. Muda wa saa tatu nilikwenda kando ya maji nikiita mpaka sauti ikakauka. Dwayne, mlinzi wa kambi, alichukua mashua akawa anachokoachokoa chini ya magugu maji kwa ufito, na kila ulipozama nilifumba macho. Sijapata kuogopa hivyo, hata siku ya kimbunga.

Polisi ndio waliompata, na wala hakuwa chini. Alikuwa juu, karibu na daraja, kwenye kituo cha basi la kwenda mjini. Pale pana benchi pana la saruji lisilo na egemeo, na kweli ukilitazama haraka limefanana na makaburi yetu. Baba alikuwa amepiga magoti analipaka chokaa. Amelipaka lote, juu na ubavuni, taratibu kama alivyotufundisha, hakuna hata tone chini. Polisi mwenyewe ni msichana tu, na alikuwa amechuchumaa anamshikia kopo.

"Nisamehe, mama," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilishindwa kumkatiza. Kasema bado upande mmoja."

Baba aliponiona hakushangaa. Alinitazama kwa hasira, akasema, "Mmeigeuza nyumba."

Nilidhani ni akili zake tu. Lakini jioni nilisimama pale mlangoni aliposimama yeye. Nyumbani ukitoka mlangoni maji yako mbele yako, unakata kulia, unashuka. Miaka themanini na mmoja Baba amekata kulia. Hapa trela iko ng'ambo ya pili ya maji, kwa hiyo kulia ni kupanda. Mimi niliyezaliwa pale pale na nikakulia pale, sikuliwaza hilo hata kidogo! Baba alishika njia yake sawasawa. Ni mimi niliyemgeuzia.

Kesho yake nilimpeleka kwa Mama kama nilivyoahidi. Alilitazama kaburi, akaniambia limeshapakwa jana, akakataa kushika brashi. Nililipaka mwenyewe, na nimelipaka vibaya.

Baada ya hapo Dwayne alikuja, kofia mkononi, akaniambia kwa adabu kwamba hawezi kumkubali mzee anayebaki peke yake kando ya maji. Ana haki. Mimi siku nne za wiki niko jikoni shuleni, na nikiacha kazi hiyo hatuna lingine. Masista wana nyumba ya wazee huko mjini, palikuwa na kitanda kimoja, na hawakuweza kukishikilia zaidi ya Ijumaa. Nilikupigia simu mara mbili, wakasema uko kwenye visima vya mafuta na hupatikani. Ijumaa nikatia sahihi.

Hilo ndilo jambo lenyewe, lakini halijaisha. Juzi Jumatatu, nilipowasha gari, Baba aliushika mlango akakataa kuingia.

"Tunapanda au tunashuka?"

Mji uko juu, Norris. Nikamwambia, "Tunashuka, Baba."

Akafurahi. Aliingia mwenyewe, akafunga mkanda, na njia nzima alinieleza atakavyoanza na paa. Nilimwacha kwenye chumba safi chenye dirisha kubwa, masista wanamwita kwa jina lake, chakula ni kizuri. Jana kwenye simu aliniuliza kwa nini majirani hawaji kunywa kahawa. Nikamwambia wote wamekwenda kuvua kamba. Uongo umekuwa mwepesi kinywani mwangu, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Msalimie sana Tammy, na watoto wenu Renée na Colby. Shangazi Verna anakusalimu, na Earline pia, ingawa hamjuani. Mungu akulinde huko kwenye barafu, akurudishe ukiwa na mikono yote miwili.

Sasa nakuomba kitu. Jumapili ya tarehe 20, ukiwa umeshatoka visimani, saa nane mchana ya huku, masista watampa Baba simu akupigie. Atakuuliza yuko wapi. Mimi ameanza kunitilia shaka, lakini wewe atakuamini, kwa sababu hujapata kumdanganya, hata ile siku ulipoizamisha mashua yake ulikwenda ukamwambia mwenyewe. Mwambie yuko nyumbani, kule kushuka bayu. Na kama ulimi wako utakataa, sitakulaumu, ila panda ndege uje umtoe mwenyewe, maana akishaujua ukweli mimi sina uso wa kumtazama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Eula Cheramie