Kiti cha Papa Siku ya Mahari

Goma, 4 Oktoba 2009

Mutoto wangu Munezero,

Nakusalimu sana. U mzima? Na bibi yako huko Rutshuru? Mimi mikono imechubuka kwa kupasua mawe, lakini nipo.

Barua yako imenikuta hapa Mapendo, kwenye baraza la duka ninapolala. Unaolewa! Na unataka nikae kiti cha baba siku mchumba wako Hilaire akileta mahari. Kiti gani hicho kitanikubali? Mimi ndiye niliyeuza shitingi, turubai la kibanda chetu kambini, ili ninywe kanyanga, mvua ikamnyeshea mama yako na homa yake, hadi akatutoka.

Sijanywa tangu Juni. Ile siku ulipita sokoni, ukanipa ndizi: "Shika, muzee." Hukunijua. Nikasema, lazima siku moja mutoto wangu anijue. Lakini kasiksi, pombe ya ndizi wanayoleta wakwe, baba huionja kwanza, ndipo maneno yaanze. Nikionja, nimekwisha. Baba mdogo wako Nzabonimpa akae mahali pangu.

Papa yako, Harelimana

Rutshuru, 11 Oktoba 2009

Papa,

Jambo sana. Bibi ni mzima, miguu tu inamsumbua. Mikono yako je, inapona?

Kuna neno linanichoma. Sokoni nilikujua. Nilikuwa na mama yake Hilaire, nikaona haya, nikakuita muzee kama mtu baki. Nisamehe, Papa.

Kuhusu kasiksi, nimemwendea Baba mdogo. Alinung'unika weee, eti desturi si mchezo! Kisha akasema sisi ni watu wa ng'ombe, utaonja maziwa. Wakwe wamekubali. Ni tarehe 24. Usipokuja, mimi sitoki chumbani.

Mutoto wako, Munezero

Goma, 22 Oktoba 2009

Mutoto wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Kumbe ulinijua. Siku tatu nilizunguka mlango wa muuza kanyanga na neno hilo. Sikuingia. Haya yako niliipanda mwenyewe, usiniombe msamaha.

Kesho napanda lori. Nimenunua shitingi mpya, dereva wa leo anakuletea pamoja na barua hii. Mvua ya Oktoba haina adabu, basi ifungeni uani, bibi yako akae chini yake, na kiti kimoja kitupu kiwekwe hapo, cha mama yako. Shitingi isipotosha, kiti changu kiacheni nje mvuani.

Papa yako