Samaki Niliyempiga kwa Mpini wa Kafi

Kambini, mtoni
Jumapili jioni

Mdogo wangu Rhoda,

Unaendeleaje hapo Musoma, Nyasho? Shangazi mguu umepungua kuvimba, au bado anaukalia kimya ili asipelekwe hospitali? Mimi ni mzima wa mwili. Ila nimechoka, tena ule uchovu wa kulala nao na kuamka nao.

Ujumbe wako ulinifikia Alhamisi. Huku mtandao hakuna kabisa, kwa hiyo dereva wetu Mponda akienda Ifakara kununua mahitaji, simu yake ndiyo inapokea jumbe za kambi nzima, na akirudi tunajipanga mlangoni mwa gari kila mtu asomewe za kwao. Wako aliusoma kwa sauti mbele ya watu: "Kaka, kama huji niambie mapema, nizoee." Mponda mwenyewe aliona aibu akajifanya anakagua matairi. Barua hii ataipiga picha kesho akifika mjini, akutumie. Ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la pili.

Najua unachotaka kujua ni kitu kimoja tu: siku ya sendofu, nani atakushika mkono mahali pa baba na kukukabidhi kwa wakwe zako wa Bugwema, mimi au Baba Mdogo? Jibu ninalo. Lakini limepatikana kwa kuzunguka sana, nivumilie nikueleze.

Keshokutwa Jumanne tunapokea wageni wanne. Wamevuka bahari kuja kuvua samaki huku porini, wamkamate, wapige naye picha, halafu wamrudishe majini. Umesoma vizuri, wamrudishe. Tangu mvua zilipokatika tunaandaa safari yao. Tumefyeka njia, tumeanika mahema yaliyoota ukungu, tumeshusha injini za boti na kuzipandisha tena, huku mbung'o wakitung'ata hata juu ya nguo. Na mimi nikapewa koleo na sanduku la ndoano, nibane ule mwiba mdogo unaomzuia samaki kuchomoka, ili atolewe bila kuchanika. Siku tatu, Rhoda. Siku tatu nimekaa kwenye kigoda nikiharibu ndoano nzima, mpya kabisa. Baba angenikuta angedhani nimerogwa.

Nilifanya bila kunung'unika kwa sababu kulikuwa na nafasi. Miaka sita nimeosha boti za kambi hii na kubeba mizigo. Mwaka huu bosi alitaka mwongozaji mmoja mpya, ama mimi ama mwenzangu Hemedi. Bosi ni mzungu aliyezaliwa Iringa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hana maneno mengi. Alisema tutafanyiwa jaribio. Atakayefaulu atapanda mto na wageni wiki mbili. Atakayeshindwa aende likizo.

Wiki mbili hizo ndizo zenye sendofu yako. Na mimi nilivitaka vyote viwili, usinione mbaya. Mwongozaji ana mkataba. Anaitwa kwa jina lake, haitwi "wewe wa boti." Nilikuwa nikiomba Mungu anipe nafasi ile, kisha palepale kwenye maombi hayohayo namwomba nifike Musoma.

Jaribio langu lilikuwa jana asubuhi. Bosi alikaa mbele ya boti akajifanya mgeni asiyejua kitu. Nikampeleka kwenye kina kirefu chini ya miamba, nikamwonyesha pa kurusha, samaki akashika. Ni samaki wa huku, meno yamechomoza nje hata akifunga mdomo. Bosi akamvuta, nami nikaigeuza boti taratibu mpaka tukawa naye ubavuni. Mpaka hapo nilikuwa nimefaulu. Kilichobaki ni kulowesha mikono, kumshika mkiani, kumtoa ndoano, na kumshikilia majini akitazama mkondo unakotoka mpaka apate pumzi.

Rhoda, nilimwinua nikamlaza botini, nikashika kafi, nikampiga kwa mpini kichwani. Mara mbili, juu kidogo ya macho, kama baba alivyotufundisha ziwani tumpige sangara kabla hajavunja mbao za mtumbwi. Tena bora ningeishia hapo. Nikamgeukia bosi nikitabasamu, nasubiri nisifiwe.

Bosi akavua kofia.

"Magesa, umemuua."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa nini?"

Nikarudisha kafi mahali pake. Tulirudi kambini, samaki amelala katikati yetu. Hemedi alipewa nafasi kabla sijamaliza kufunga kamba.

Mpishi wetu ni Mama Nyabise, mama wa Butiama ambaye ndiye mtu pekee wa kwetu hapa. Alimchukua yule samaki akamkaanga, ana miiba kama sindano. Aliponiwekea sahani akaniambia, "Sasa unanuna nini? Kwetu Butiama samaki tulikuwaga tunamsubiria sokoni, lakini hata mie najua, akishaingia mtumbwini huyo ni mboga. Baba zenu si walikuwaga wanapiga hivyohivyo?"

Nikamwambia mkono ulijiendea wenyewe.

"Haya, mkono," akasema. "Mie nakuonaga tangu Alhamisi, ile meseji ya dada yako iliposomwa. Wewe ulitaka kwenda kwenu. Usiusingizie mkono."

Nilikasirika nusura niache chakula. Nilikasirika kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba anakosea. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha fulani ya kijinga: nitamwona Rhoda.

Ningekuwa na bahati mambo yangeishia hapo. Asubuhi ya leo bosi akaniita tena. Kumbe wageni wameomba mtu wa kuongea nao Kiingereza, na Hemedi Kiingereza chake ni cha kusalimia tu. Akasema ananipa nafasi ya pili, ya mwisho. Nikaenda. Safari hii nilifanya yote kama inavyotakiwa. Nilimshikilia samaki majini mpaka nikausikia mkia wake ukipata nguvu kiganjani, na mara akaondoka. Bosi akanipiga bega. "Jumanne boti ya kwanza ni yako."

Neno hilo nimelingoja miaka sita. Nilikaa nimeshika kamba, nikashindwa hata kuifunga. Nikamwambia, "Bosi, mpe Hemedi."

Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia dada yangu anaolewa, baba hayupo, na mimi ndiye mkubwa.

"Kiingereza nitaongea nao mwenyewe. Lakini nafasi hii haitakusubiri," akasema. "Ukirudi, utarudi kwenye kuosha boti."

Nikasema sawa. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Inaniuma hata sasa ninavyoandika, na Hemedi anapita na ile fulana ya mwongozaji akijitazama mabega. Mama Nyabise naye amepita na sufuria lake, akaniambia tu, "Leo siyo mkono," akaenda zake.

Kwa hiyo nakuja. Siwezi kuondoka kesho, mahema mawili bado hayajasimama. Mponda atawaleta wageni Jumanne, Jumatano gari linarudi tupu na mimi nimo. Kutoka Ifakara nitaunga mabasi. Mungu akipenda Ijumaa niko Nyasho, na sendofu Jumamosi. Suti sina. Nitafutie koti la kuazima, liwe pana mabegani, maana kazi ya huku imenitanua.

Baba Mdogo mwambie kwa heshima, mtu mzima asione amevuliwa cheo. Akae meza ya mbele, apewe kipaza sauti dakika mbili. Msimwongezee, akikumbuka ugomvi wake na baba juu ya boti, chakula kitapoa.

Nisalimie Shangazi, na mguu aupeleke hospitali. Mama yetu kule Guta mwambie asiuze kuku yule mwekundu kabla sijafika. Huyo mchumba wako msalimie pia, lakini usimchekee sana, bado sijamkagua.

Hotuba sina. Nimejaribu kuipanga nikisimamisha mahema, kila mara inakatikia palepale. Nitawaambia watu wa Bugwema kwamba huyu ni mtoto wa baba yangu, mtunzeni. Nikinyamaza hapo, uniongoze tukae, kwa sababu nitakuwa nalia.

Ni mimi kaka yako,
Magesa