Kiti cha Pili

Bombambili, Jumamosi usiku

Wamepita tena getini kwangu bila kupiga hodi. Jirani amefiwa na mama yake, na vijana wa msiba wamezunguka mtaa mzima kuomba magari ya kwenda kuzika Lizaboni. Langu hawakuliomba. Kigari cha spoti cha viti viwili kitabeba nani? Nimeendesha peke yangu hadi makaburini, nyuma ya pikapu zilizojaa watu wanaoimba.

Baadaye nimelipeleka kwa fundi Haule. Nafikiria kuliuza ninunue pikapu ya mtumba. Tangu serikali iruhusu biashara huria zimejaa mjini.

"Usiuze, mwalimu," akasema. "Limezeeka, na kutu imeanza chini. Lakini ni jepesi, halinywi mafuta, matairi yanadumu. Pikapu itakufilisi."

Ni kweli, najua. Ila mwenye pikapu hupigiwa hodi, hata ikiwa ni kwa ajili ya gunia la mahindi tu...

Kisha akafungua mlango wa kushoto, akapapasa kiti cha abiria.

"Cha dereva kimechakaa, lakini hiki kama kipya! Unakitunzaje?"

Nikamjibu kwamba huwa nakifuta vumbi tu.