Kigoda cha Kushukia

Mama Watoto,

Kigoda cha jikoni nimeondoka nacho, msihangaike kukitafuta. Maharage yameiva, bado chumvi tu. Kitinda mimba anywe dawa yake, asikudanganye kwamba ameshainywa.

Nimempeleka Mama kliniki. Tumechelewa, na kosa ni langu. Unajua kile kigari kikuukuu nilikinunua kwa ajili yake, maana barabara ya kliniki teksi zimeshaikimbia. Halafu nikanogewa na kukiinua juu. Springi ndefu, matairi makubwa, na vile vikanyagio vya kupandia vya ubavuni nikamwambia fundi avitoe, eti vitagonga mawe. Wewe ulinionya. Nikakujibu kwamba hujui magari.

Leo asubuhi Mama ameinua mguu mara tatu, haufiki. Mara ya tatu akacheka: "Mwanangu, umepima mawe yote ya njiani, mimi hukunipima." Nikatia funguo mfukoni, nikaenda jikoni kuchukua kigoda.

~~Jioni nakwenda kwa fundi arudishe springi za zamani.~~ Springi zibaki, mawe hayajaondoka. Ila mpigie fundi, vile vikanyagio asivitupe. Avirudishe leo leo.

Kigoda ni cha kushukia. Kupanda, nilimbeba mwenyewe. Wiki iliyopita nilinyanyua tairi la akiba la kigari hicho, nikahema kama mbwa. Leo nimemnyanyua Mama, sikuhema.

Baba Watoto