Taa ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimechelewa kazini dakika ishirini! Nafika, tanuri limeshapata moto, wenzangu wamejaa unga mpaka viwikoni, na mimi napokewa kwa kicheko. Sababu ni mume wangu. Kaendesha gari mwendo wa kinyonga njia nzima, eti taa ya mbele ya kushoto imezimika. Haijazimika. Inawaka, ila kizembe. Nikamwambia tumwite kaka yangu, fundi umeme wa magari, amalize mara moja. Wacha anune! Miaka thelathini na moja kawawekea watu umeme majumbani, leo ashindwe na taa mbili za gari? Haya bwana.

Jumanne, 4 Machi

Kabadilisha balbu. Bado hafifu. Kabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa lolote. Bado. Jioni nzima nimekuwa mkaguzi: mimi ukutani, yeye ndani ya gari anawasha na kuzima. Imewaka? Imewaka. Vizuri? Kizembe. Anauliza tena, labda nikichoka nitabadilisha jibu.

Najua kinachomsumbua. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi, na tangu hapo watoto wamempiga marufuku kupanda. Kazi za watu zikaisha. Imebaki moja tu, kunipeleka kazini alfajiri. Leseni ninayo, lakini nikigusa usukani anasema gia naziingiza kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. "Hii mtaniachia," aliwaambia watoto. Alikuwa anacheka, ila mimi namjua. Hakuwa anatania.

Jumatano, 5 Machi

Leo imetoka testa. Ile yake ya majumbani, bisibisi yenye kitaa kwenye mpini! Kaigusisha kwenye betri, kitaa kimya. Akasimama wima, akatangaza betri imekufa. Nikapitisha mkono dirishani, nikabonyeza honi. Paka wa jirani hajaonekana mpaka sasa.

Hatujasemeshana tangu saa kumi na moja. Chai kanywa, lakini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya ujanja. Kaka kapita "kutusalimia tu", na kwa bahati njema ana boksi la vifaa mkononi. Mume wangu kanikata jicho, ila kafungua boneti.

Kaka akachungulia. Akauliza nani kapaka rangi humu ndani. Nikajibu mimi: mwenye gari, mwezi wa kwanza, rangi ya kuzuia kutu, kapaka mara mbili, asibakishe hata bolti! Basi ndiyo hiyo. Kumbe kwenye gari umeme haurudi kwa waya wake kama nyumbani, unarudi kwa kupitia chuma cha bodi. Na ile bolti inayoshika waya wa taa ya kushoto imevikwa rangi vizuri kabisa mpaka chini ya waya, umeme hauna pa kupita. Kaka akakwangua kwa msasa, akakaza, akawasha. Ukuta mzima ukawa mweupe!

Kaka kajitahidi asicheke, mabega yamemsaliti. Mume wangu kasema alikuwa amebakiza bolti hiyo hiyo tu, kesho angeifikia. Sawa, fundi wangu. Nimekuandalia maji ya kuoga.

Ijumaa, 7 Machi

Sielewi.

Taa zote mbili zinawaka vizuri, nimezitazama mwenyewe kabla ya kupanda. Barabarani, mwendo ule ule wa kinyonga. Anasema ya kushoto bado haimuliki. Nikamtania kwamba labda aipake rangi tena. Hakucheka. Karibu na kona ya kiwandani kulikuwa na mtu na baiskeli, upande wa kushoto. Nimemwona kutoka mbali, shati jeupe, mkate kwapani. Nasubiri mume wangu apishe. Hapishi. Nikapiga kelele, akafunga breki, yule mtu akaruka mtaroni na baiskeli yake.

"Si unaona? Taa ile haimuliki kabisa," akaniambia.

Mimi nilikuwa nimeona mpaka vifungo vya shati. Nimeunguza trei mbili leo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwita kaka tena, safari hii bila ujanja. Giza lilipoanza kuingia tukaelekeza gari ukutani. Kaka akapima balbu, waya, swichi, hadi ile bolti. Zote nzima. Akamwomba mume wangu akae kwenye usukani na kutazama mbele. Yeye akaenda kusimama ukutani upande wa kushoto, katikati ya mwanga, akanyoosha vidole vitatu. Vingapi?

Mume wangu akageuza kichwa. Kaka akamwambia asigeuze, atazame mbele tu kama yuko barabarani.

Mume wangu akatazama mbele, akasema, kwa upole kabisa, "Shemeji, simama kwenye mwanga basi, nikuone."

Kaka alikuwa anafumba macho kwa ukali wa taa.

Nadhani mume wangu aliziona nyuso zetu. Akazima taa mwenyewe, akasema tutamaliza betri, akaingia ndani kunawa mikono. Kanawa muda mrefu.

Jumapili, 9 Machi

Kakubali. Jumanne kaka atampeleka kwa daktari wa macho. Ila ana sharti lake: kesho ananipeleka kazini kama kawaida. Siku moja tu, kasema, na njia yenyewe anaijua kuliko kiganja chake. Kasafisha vioo vya gari. Kapiga pasi shati, la kuendeshea gari alfajiri! Nimecheka, naye kacheka, halafu nikaingia chumbani nikalia.

Naogopa. Sijawahi kumwogopa huyu mtu hata siku moja.

Funguo za gari nimezitoa kwenye msumari wake. Ziko mfukoni mwa gauni langu, nimezibana zisilie. Namsikia hapo mlangoni, anaupapasa ukuta. Sasa ananiita. Anauliza kama nimeziona.